Nyumbani hakuna cha kupiga picha? Jibu kwa mwanafunzi wa Bagamoyo

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni kijana wa mwaka wa kwanza katika masomo ya upigaji picha hapa Bagamoyo. Tumepewa wiki sita kuandaa picha kumi juu ya mada ya "Watu na nyumbani". Wenzangu wengi wamekwenda Mji Mkongwe kupiga milango, na wengine wako pwani kwenye majahazi. Mimi ninaishi Magomeni na bibi, mama na wapangaji wawili katika nyumba ya kawaida kabisa, na kila nikitazama sioni cha kupiga. Nilipojaribu ndani, picha zilitoka zimetikisika, na nyuso zilikuwa nyeusi au za manjano. Kamera ya chuo tunaazimwa Jumamosi na Jumapili tu, nayo ina lenzi ya milimita 18 hadi 55. Siku nyingine nina simu. Wazo nitalipata wapi, na giza la ndani nilishindeje? Je, nikizigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe zitapendeza zaidi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza juu ya wazo na juu ya giza kana kwamba ni mambo mawili, lakini kwa kazi ya namna hii ni jambo moja. Nyumbani kila shughuli ina saa yake, na kila saa ina mwanga wake. Kwa hiyo anayejua ni nini hutendeka, saa ngapi na upande gani wa nyumba, amekwisha kupata wazo pamoja na nusu ya ufundi. Tatizo lako ni kwamba umeizoea nyumba yenu kiasi cha kutoiona, na dawa yake ni daftari.

Kamera unaipata Jumamosi. Basi zile siku tano za kabla yake usizihesabu kuwa hasara. Andika saa, mahali, nani yupo, mikono yake inafanya nini, na mwanga unatoka wapi. Usiandike "bibi amekaa uani", kwa sababu sentensi hiyo haimsaidii mpiga picha. Andika: "Saa nne na nusu, bibi, uani karibu na ukuta wa jikoni, anapeta mchele, jua linampiga begani kushoto, uso umo kivulini, vumbi la pumba linaonekana likiruka juu ya ungo." Ukiandika hivyo kwa siku tano utakuta mambo matatu au manne yanajirudia karibu kila siku, na moja kati ya hayo ndilo litakalokuwa mradi wako. Nasema moja. Mwanafunzi anayetafuta mawazo kumi kwa picha kumi huishia na picha kumi zisizojuana.

Chukua kukuna nazi, jambo ambalo pwani hii hakuna anayelishangaa. Mama anafungua mbuzi, anaiketia, anashika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha juu ya meno ya chuma, na nazi iliyokunwa inaanguka katika sinia miguuni pake. Ukipiga kutoka mbele umesimama, utapata kichwa kilichoinama na si kingine. Ukichuchumaa upande, macho yako yakiwa sawa na magoti yake, utaona kwamba mwili mzima unafanya kazi: mguu mmoja umekaza ili mbuzi isiteleze, viwiko viko wazi, na kidole gumba kinapima ni nyama kiasi gani imebaki ndani ya kifuu. Kisha vinafuata kifumbu, tui la kwanza jeupe zito, tui la pili, machicha wanayomwagiwa kuku, na vifuu vinavyowekwa kando kuwashia moto. Hapo, bila kutoka uani, umekwisha kupata picha sita zinazofuatana, na zote zinajibu swali moja: chakula cha nyumba hii kinatoka katika mikono ya nani?

Jambo la pili la kutazama ni nyumba yenyewe. Ikiwa yenu ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za mtaani, ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma. Wewe umeiita nyumba ya kawaida. Mimi naona studio. Mlango wa mbele na wa uani vikiwa wazi, ukumbi huo una mwanga ncha zote mbili na giza katikati, na kila anayepita huanza kama kivuli, akapata sura, kisha akapotea tena. Aidha, katika nyumba hiyo moja mna nyumba tatu, maana kila mpangaji ana kwake nyuma ya pazia lake. Ningependa sana kuona picha za mapazia hayo kutoka ukumbini, kila moja na viatu vilivyovuliwa mbele yake, kisha mwenyewe amesimama hapo hapo baada ya kutoka kazini.

Kanga nazo zina utajiri ambao wanafunzi huupita. Kanga ina pindo, mji na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, na wanawake wengi wa pwani wanaweza kukueleza kila moja waliipata lini, kutoka kwa nani, na jina lake lilikuwa likimwambia nani. Mwombe bibi akufungulie sanduku. Piga kila kanga aliyoichagua yeye, ikiwa mikononi mwake na si ukutani, na uandike chini ya picha maneno yake mwenyewe kama alivyoyasema.

Hapo nina kisa changu. Nilipokuwa najifunza, wakati wa mkanda wa picha 36, nilimwomba shangazi yangu avae kanga mpya na akae wima kwenye kiti sebuleni. Nilitumia karibu mkanda mzima, na katika picha zote alionekana kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Picha moja tu ilikuwa na uhai, nayo niliipiga ili kuumaliza mkanda: ameinuka, amechoka nami, anafungua fundo la pindo la kanga yake ya zamani ambamo alitunza fedha, anitume dukani. Mkono ule na lile fundo vinamweleza kuliko picha nyingine zote. Tangu siku hiyo simwombi mtu akae. Namwuliza alikuwa anakwenda kufanya nini, kisha namfuata.

Sisemi kwamba kumkalisha mtu ni kosa. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwakalisha watu wake kwa uangalifu mkubwa, na picha zake sasa zinatazamwa dunia nzima. Lakini tazama alivyofanya: mara nyingi alipiga uani kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe. Baadaye alikuwa akibadilisha pazia kila baada ya miaka miwili au mitatu, na kwa kutazama nakshi yake aliweza kukumbuka picha ilipigwa lini. Kitu cha nyumbani kikawa kalenda. Nanyi mna shuka, na ua mnao.

Kuhusu milango ya Mji Mkongwe, waachie wenzako. Ni mizuri, lakini imekwisha kupigwa mara nyingi mno, na mada yenu imetaja watu.

Sasa giza. Anza na lenzi yako, kwa sababu ina tabia moja ambayo nadhani imekuponza. Kwa kawaida lenzi ya namna hiyo, ikiwa kwenye milimita 18, hufungua tundu lake hadi f/3.5 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), lakini ukiivuta hadi 55 tundu haliwezi kupita f/5.6, na mwanga unaoingia hupungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo ndani ya nyumba usivute lenzi. Sogea kwa miguu. Baki kati ya 18 na 24, ila uso wa mtu usiupige kwa 18 ukiwa karibu sana, kwani pua itakua na masikio yatakimbia nyuma.

Picha hutikisika kwa sababu kamera, ikiachiwa iamue yenyewe, huliacha shata, yaani kile kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia, wazi muda mrefu ili ikusanye mwanga. Amua wewe. Kwa mtu aliyetulia usishuke chini ya 1/60 ya sekunde, na kwa mikono inayokuna nazi anza na 1/125, ukipanda hadi 1/250 ukitaka kila punje isimame hewani. Kisha pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au 3200 bila kuogopa. Picha itapata chembechembe, lakini picha yenye chembechembe bado ni picha, ilhali iliyotikisika hakuna programu itakayoikaza ikaaminika.

Umanjano unatokana na kuchanganya nuru mbili. Nuru ya dirishani ina ubuluu na ile ya balbu ya kawaida ina umanjano, na kamera haiwezi kuzisawazisha zote kwa pamoja. Zima taa. Najua chumba kitaonekana cheusi zaidi machoni pako, lakini mpeleke bibi hatua mbili kutoka dirishani, ubavu wake ukielekea nuru, na utashangaa. Hatua hizo zihesabu kweli: kwa dirisha dogo, aliyekaa mita mbili anaweza kupata karibu robo tu ya mwanga aliokuwa nao akiwa mita moja. Ikiwa balbu ndiyo nuru pekee, kama usiku, hapo iache, na uiambie kamera kwamba inapiga chini ya balbu.

Nyuso nyeusi zina sababu nyingine. Kamera hupima wastani wa vyote vinavyoonekana na kujaribu kuupeleka katikati, pasiwe peupe wala peusi. Mtu wa ngozi nyeusi akiwa na mlango wazi nyuma yake, ule weupe wa nje unaidanganya kamera, nayo inapunguza mwanga hadi uso unapotea. Tumia kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa na uongeze moja, wakati mwingine moja na nusu. Akiwa mbele ya ukuta wa giza mambo hugeuka: kamera huongeza kupita kiasi, ngozi ikapauka kama iliyopakwa majivu, na hapo utoe. Simu nayo ina tabia hiyo hiyo. Gusa uso kwenye kioo, kisha telezesha kidole kurekebisha mwanga.

Utakuta pia ushauri usemao kwamba dirisha la kaskazini ndilo bora kwa picha za watu, kwa kuwa jua haliingii hapo. Ushauri huo ni wa Ulaya. Bagamoyo iko nyuzi sita na kidogo kusini mwa ikweta, na tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hukaa kaskazini mwetu. Ukiufuata ushauri huo mwezi Juni, jua kali litakungoja kwenye hilo hilo dirisha. Tazama dirisha lenyewe kwa siku mbili na uandike katika daftari. Saa sita mchana ondoka uani, kwani jua la utosini hutia mashimo machoni, na uhamie barazani: chini ya paa, mwanga unaorudi kutoka mchanga mweupe wa njiani huinua nyuso kutoka chini kwa upole, na haulipiwi.

Halafu kuna ruhusa. Wewe ni kijana wa kiume, na uani ni mahali ambapo jirani za mama huzungumza bila kujizuia na hukaa bila kufunika nywele. Kuwa mtoto wa nyumba hakukupi ruhusa ya kamera, hivyo piga hodi upya kila unapoileta, na mwambie mama awatangulizie habari wageni wake. Mwanamke aliye katika eda usimwombe kabisa. Mtoto wa mpangaji, waombe wazazi wake, si mtoto. Mwaka 1936 Dorothea Lange wa Marekani alimpiga picha mama mmoja maskini aliyekuwa na wanawe katika kambi ya vibarua wa mashambani huko California, akisogea karibu zaidi picha baada ya picha, na ile ya karibu ikawa miongoni mwa picha mashuhuri kuliko zote. Kusogea kule ni ufundi wa kuigwa. Lakini miaka ya 1970 mama yule alijitokeza kulalamika kwamba hakupata chochote, na kwamba hakuwa ameulizwa hata jina. Wewe majina unayajua; waeleze watu picha zitaonyeshwa wapi, na kila mmoja mpe nakala yake.

Ikifika wiki ya tano, safisha picha thelathini kwa saizi ndogo na uzitandaze kwenye mkeka. Mahali ambapo picha mbili zinasema neno moja, toa ile unayoipenda kwa sababu ya ufundi wake na ubakize ile anayoitambua bibi.

Na kuhusu nyeusi na nyeupe: kwa mradi wa ukumbini nakubali, kwa kuwa pale habari yote ni mwanga na kivuli. Kwa kanga, hapana. Na ikiwa unataka kuondoa rangi ili kuficha umanjano wa balbu, rudi Jumamosi ijayo, zima taa, upige tena.