Mswisi haitwi Mswisi kwao: nilivyolisaka jina la ukoo wa mume wangu

Wiki iliyopita dada mmoja Mkenya anayeishi Manchester aliniandikia hivi: "Dada, mwanangu ana jina la ukoo la Kiairishi ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine yeyote. Baba yake alifariki, na kwao hawapendi maneno mengi na mimi. Mtoto anauliza. Nianzie wapi?" Niliusoma ujumbe huo ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku, nikapitiliza kituo changu. Maneno hayo ningeweza kuyaandika mimi miaka saba iliyopita, herufi kwa herufi.

Mume wangu ni mzaliwa wa magharibi ya kaunti ya Limerick, na ukoo wao ni Switzer. Limerick ni nchi ya akina Ryan na O'Brien. Hao utakutana nao dukani, shuleni, kanisani, hadi uwachoke. Switzer unaweza kukaa mwaka mzima usimsikie zaidi ya huyo uliyeolewa naye. Watu wazima wa Dublin hulikumbuka jina hilo kwa sababu ya duka kubwa la Switzer lililokuwa mtaa wa Grafton, ambalo watoto walipelekwa kutazama madirisha yake wakati wa Krismasi, hadi lilipofungwa mwaka 1995. Zaidi ya hapo, kimya.

Mkwe wangu alipofariki, tukiwa tumekaa usiku na mwili nyumbani kama desturi yao ilivyo (wenzetu hawa wana matanga yao, na chai haikatiki), nilimuuliza wifi yangu ukoo wao ulianzia wapi. Sikuwa na nia mbaya. Wanangu walikuwa wakimuaga babu yao nami nilitaka niwe na la kuwaambia. Akanijibu mbele ya watu, "Mambo ya jina letu tuachie wenyewe." Nilinyamaza. Nilichukua vikombe nikaenda kuviosha. Lakini neno hilo liko kifuani mpaka leo, na sitadanganya kwamba utafiti wangu wote ulitokana na kupenda historia. Sehemu kubwa ilitokana na lile jibu.

Nikaanza vibaya. Jina lilionekana kujieleza lenyewe: Switzer, Uswisi. Nikatangaza kwamba sisi ni Waswisi. Kijana wangu mkubwa alipotakiwa shuleni alete bendera za asili yake, nilishona mbili usiku kucha, ya Tanzania na ile nyekundu yenye msalaba mweupe. Mwaka mzima na zaidi niliandikia parokia za Uswisi. Nilipochoka nikamlipa mtafiti mmoja wa nasaba yuro 280. Akaniletea nembo ya ukoo iliyochorwa kwa rangi nzuri, na karatasi isemayo kwamba Switzer ni jina la Kigaeli lililopotoshwa na makarani wa Kiingereza. Hapakuwa na hati hata moja nyuma ya maneno hayo. Nembo bado iko kabatini, imeelekea ukutani.

Aliyenitoa gizani ni bibi yangu mzaa mama, na yeye alishatangulia mbele ya haki zamani. Pale Chumbageni, Tanga, watu wote walimwita Mama Mngazija. Nikiwa mtoto nilimuuliza, je, huko Ngazija walikuita nani? Akanitazama kama niliyeuliza kama maji yana maji. "Kwetu sote Wangazija. Nani angeniita hivyo?" Usiku mmoja, nikikunja nguo za watoto, jibu hilo likanirudia nikaketi chini. Mngazija haitwi Mngazija Ngazija. Mmanga haitwi Mmanga Maskati. Jina la namna hiyo unapewa na wenyeji wa pale ulipofikia, kwa kuwa hawana namna nyingine ya kukutofautisha. Basi mtu aitwaye Mswisi hakupewa jina hilo Uswisi. Lilizaliwa nje, mahali ambapo Mswisi ni mgeni. Mwaka mzima nilikuwa nikibisha hodi kwenye nyumba ambayo jina lenyewe lilikuwa likiniambia halimo.

Mahali hapo ni Pfalz, nchi ya mto Rhine, Ujerumani. Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, viliacha vijiji vyake vikiwa mahame, na watawala wakakaribisha watu wa kulima upya. Waswisi wengi walishuka kuja. Jirani zao Wajerumani wakawaita Schweitzer, yaani Mswisi, na watoto wao wakalirithi.

Lakini ardhi ile haikutulia. Majeshi ya mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa yaliichoma na kuirudia. Kisha ukaja msimu wa baridi wa mwaka 1708 kuingia 1709, baridi iliyoua mizabibu mpaka mizizi, na mzabibu ndio ulikuwa ugali wao. Wakati huohuo kijitabu kilikuwa kikipita mkono kwa mkono kikisifu ardhi ya Carolina, kina picha ya Malkia Anne wa Uingereza, na watu wakaamini kwamba malkia anawaita. Mwaka 1709 watu wapatao 13,000 waliteremka mto Rhine hadi Uholanzi wakavuka kwenda London. Serikali haikujua iwaweke wapi. Wakalala kwenye mahema Blackheath. Baadhi walipelekwa New York, baadhi wakarudishwa walikotoka, na familia 821 zikavushwa kwenda Ireland kuanzia Septemba mwaka huohuo. Dhamira ya wakubwa haikuwa huruma peke yake: walitaka kuongeza Waprotestanti katika nchi ya Wakatoliki. Na dhamira hiyo ikamfuata kila mwenye jina hili kwa vizazi.

Wengi hawakukaa. Miaka michache tu, sehemu kubwa ya familia zile zilikuwa zimeondoka Ireland. Waliobaki, kundi kubwa lilikuwa kwenye ardhi ya Sir Thomas Southwell karibu na mji wa Rathkeale, Limerick, katika vijiji vya Courtmatrix, Killeheen na Ballingrane. Kundi lingine lilikuwa Wexford, karibu na Gorey. Wenyeji waliwaita Wapalatini, yaani watu wa Pfalz, na jina la Schweitzer likanyolewa na ndimi za Kiingereza likawa Switzer. Huyo ndiye mume wangu: Mswisi kwa Wajerumani, Mjerumani kwa Waairishi, na Mwairishi tangu karne tatu zilizopita.

Ukiliweka jina hili kwenye ramani, ramani inasimulia kodi ya ardhi. Mikataba ya mwanzo ilikuwa nafuu. Ilipokwisha, katikati ya karne ya 18, kodi zikapandishwa, na watu wakatawanyika. Wengine walipata ardhi kwa makabaila wengine: karibu na Kilfinane kusini mwa Limerick, Adare, kaunti ya Kerry, na kwa Barker wa Kilcooley, Tipperary. Wengine walipanda meli. Mwaka 1760 iliondoka Limerick meli iliyowachukua Philip Embury na Barbara Heck, wote wa Ballingrane, waliokuja kuanzisha ibada ya Kimethodisti New York mwaka 1766. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliyewatembelea Wapalatini mara nyingi kuanzia 1756, aliandika kwa masikitiko kwamba pamoja na bidii yao yote hawakupata chakula wala mavazi, sehemu imesambaa Ireland na sehemu imekwenda Marekani. Karne ya 19 wakafuata wengine hadi Ontario, Kanada, ambako mpaka leo kuna mahali panaitwa Switzerville.

Hapa niseme jambo kwa ukali kidogo. Ukimwona Switzer wa Marekani usimkumbatie kama shemeji. Sote tunamjua Kathrine Switzer, aliyekimbia marathoni ya Boston mwaka 1967 akiwa na namba 261 kifuani, na wifi yangu mwingine aliwahi kuniapia kwamba ni wa kwao. Wajerumani walikwenda Marekani moja kwa moja na jina hilohilo, maelfu kwa maelfu, bila kupitia Limerick. Jina peke yake si ushahidi. Sisi watu wa pwani tunalijua hilo vizuri: si kila Mshirazi ni ndugu wa kila Mshirazi.

Sasa dada, unauliza uanzie wapi. Anza na sensa za 1901 na 1911, ziko mtandaoni bure katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ireland. Usitazame jina tu. Tazama safu ya dini. Nilipoona katika kijiji cha Wakatoliki watupu nyumba mbili za Wamethodisti na moja ya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana, na zote zina majina ya ajabu kama Switzer, Teskey, Ruttle na Bovenizer, nilijua nimefika. Jina adimu halitembei peke yake. Lina jirani zake, na jirani hao ndio waliovuka nalo bahari. Andika majina yao yote. Mimi sikufanya hivyo mwanzoni na nilipoteza miezi.

Kisha rudi nyuma kwenye Tathmini ya Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, inayoorodhesha kila mwenye nyumba na shamba kwa kitongoji chake. Kitongoji ndicho unachokitaka. "Limerick" haikusaidii, kama vile mtu kukwambia kwao ni "Tanga".

Nyuma ya hapo utagonga ukuta, na usidhani kosa ni lako. Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la hifadhi ya kumbukumbu Dublin liliungua. Sensa za 1821 hadi 1851 zikateketea, yakabaki mabaki. Zilizofuata, serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe. Na vitabu vya ubatizo vya Kanisa la Ireland vilikuwa vimehifadhiwa humo kwa wingi, zaidi ya nusu vikaondoka siku ile. Vya Wakatoliki vilibaki parokiani vikasalimika. Kwa ukoo kama wetu, moto ule ulikula mahali palepale penye haja.

Mimi nilikaa mbele ya ukuta huo miaka miwili. Mwezi uliopita nimeuvuka, ndiyo maana naandika kwa kifua mbele. Dublin kuna Ofisi ya Usajili wa Hati iliyoanzishwa mwaka 1708. Haikuungua, na picha za vitabu vyake zinaonekana bure kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch. Nilishatafuta Switzer humo nikakosa, nikaacha. Nilichokuwa sijui ni kwamba faharasa ya majina inaorodhesha mtoaji wa ardhi tu, si mpokeaji. Mpangaji yumo ndani ya hati, amefichwa chini ya jina la kabaila wake. Usitafute jina lako, dada. Tafuta jina la aliyekuwa akiwatoza kodi, au jina la kitongoji. Niliacha kumtafuta Switzer nikamfuata mwenye ardhi, ukurasa kwa ukurasa, mwandiko wa kuumiza macho, watoto wamelala. Usiku wa kumi na moja akatokea.

Ilikuwa hati ya miaka ya 1770, mkataba wa maisha matatu. Mikataba hiyo haikuhesabiwa kwa miaka peke yake. Mpangaji alitaja watu watatu, na shamba lilibaki lake maadamu mmojawapo yu hai. Kwa hiyo baba mwenye akili alitaja watoto, wadogo iwezekanavyo, na karani akaandika majina na umri wao. Huyu alitaja wanawe wawili, wa miaka tisa na sita, na binti wa miaka mitatu. Nilizisoma zile namba nikalia. Nyumba nzima imekalia pumzi za mtoto wa miaka mitatu. Akipata homa, homa hiyo si yake peke yake. Na watoto hao watatu ndio waliounganisha majina ya Griffith na yale ya Courtmatrix. Hakuna mtafiti wa kulipwa aliyeniletea hayo. Hakuna wifi.

Wanawake wenzangu mlioolewa ugenini, nisikilizeni. Mtaambiwa hayawahusu. Mtaambiwa na watu ambao hawajafungua daftari moja maishani mwao. Mtoto uliyembeba miezi tisa jina lake linakuhusu, na aliye mgeni ndiye mwenye macho ya kuuliza kwa nini jirani anaitwa anavyoitwa. Msione haya kuuliza mara ya pili. Na msilipie nembo.

Kijana wangu nilimpeleka Rathkeale, kwenye jumba la makumbusho ya Wapalatini lililo katika jengo la stesheni ya zamani ya reli. Nilimwomba radhi kuhusu ile bendera. Alitaka tu kujua kama yule binti wa miaka mitatu alikua mkubwa.

Dada wa Manchester, leo usifanye mengi. Tafuta cheti cha ndoa cha babu na bibi wa mtoto, uone kitongoji kimeandikwaje, hata kama herufi zimekosewa, usizisahihishe. Kisha fungua sensa ya 1911, soma nyumba kumi za kulia na kumi za kushoto, dini na majina. Niandikie ulichokuta pamoja na jina la mwenye ardhi. Alhamisi usiku siko zamu, nitazifungua zile picha za hati kwa ajili yako.