Saluni ya familia, silinda nne: Camry, Accord au ipi?

Safari hii mmeniuliza kuhusu magari ninayoyapenda kuliko yote: saluni za ukubwa wa kati, injini ya silinda nne, za kubeba familia kwa miaka mingi bila kuifilisi. Maswali nimeyafupisha. Majibu nimeyaacha na urefu wake.

Nimebakiza mawili, Toyota Camry na Honda Accord, yote ya 2018. Nina watoto watatu na wanakua haraka. Nichukue lipi?

Kwa nafasi, dada yangu, Accord. Umbali kati ya ekseli za mbele na nyuma karibu ni ule ule, milimita 2830 kwa Accord na 2825 kwa Camry, lakini Honda wamejua kuitumia nafasi hiyo. Abiria wa nyuma anapata kama sentimita 102 za kunyoosha miguu, kwenye Camry ni kama 96. Buti la Accord linameza lita 473, la Camry 428. Sentimita sita zinaonekana kitu kidogo kwenye karatasi. Mkalishe kijana wa miaka kumi na minne nyuma ya dereva mrefu, magoti yake yatakupa jibu.

Ukifungua boneti mambo yanageuka. Camry ina injini ya lita 2.5 isiyo na turbo, nguvu za farasi 203, na giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nane. Accord ya kawaida ina lita 1.5 yenye turbo, farasi 192, na giaboksi ya CVT, ile inayobadilisha mwendo bila hatua za gia (nitaieleza chini). Ile turbo inavuta vizuri tangu mzunguko wa chini na hainywi sana, ila imelalamikiwa mno katika maeneo ya baridi. Safari zikiwa fupi fupi, injini haipati moto wa kutosha, petroli isiyoungua inapenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: ukikuta kiwango kimepanda juu ya alama na pua inanusa petroli, ujue tayari.

Toyota kwenye ile 2.5 waliweka nozeli za aina mbili. Moja inapuliza mafuta ndani ya silinda, nyingine inapuliza kwenye njia ya hewa, na hii ya pili husaidia kuosha vali zisishike masizi, ugonjwa unaozisumbua injini nyingi zinazopuliza ndani tu. Kwa hiyo ukitaka kukaa na gari miaka kumi, mimi ningechukua Camry. Ukiwa mtu wa safari ndefu na watoto warefu, Accord haitakuangusha. Kabla hujalipa, wapeleke watoto wote watatu wakae nyuma kwa pamoja, mikanda imefungwa. Muulize kwanza wa katikati, maana yeye ndiye anayebanwa na lile tuta la sakafuni.

Silinda nne zitatosha kweli watu watano na mizigo, au nitafute silinda sita?

Zinatosha. Hyundai walipotoa Sonata ya 2011 waliacha kabisa kuiwekea silinda sita, watu wakashangaa. Honda wakafuata kwenye Accord ya 2018, na Camry ya 2025 nayo haina tena. Camry ya silinda nne ya 2002 ilikuwa na farasi 157, ya 2018 ina 203. Kazi iliyokuwa ya injini kubwa sasa inafanywa na ndogo.

Na kuna gereji ya kufikiria. Injini ya silinda sita iliyolazwa kwa upana ina safu moja ya plagi iliyojificha nyuma, karibu na ukuta wa dashibodi, na kwenye magari mengi fundi lazima afungue bomba zima la kuingizia hewa ndipo azifikie. Kwenye silinda nne plagi zote zinakutazama usoni ukitoa kifuniko. Mtikisiko mdogo utausikia ukiwa umesimama kwenye taa, hiyo ni tabia ya silinda nne yoyote kubwa, ingawa injini nyingi za lita 2.4 na 2.5 hufungwa shafti za kusawazisha ili kuupunguza.

Fundi wangu ananiambia nikimbie gari lolote lenye CVT. Ana haki?

Ana sababu, ila anakutisha kupita kiasi. CVT haina gia za meno. Ina puli mbili zinazopanuka na kujibana, katikati yake mkanda wa chuma au mnyororo. Puli zikibadilisha upana, uwiano unabadilika taratibu bila ule mshtuko wa kubadilisha gia, na injini inabaki kwenye mzunguko unaokula mafuta kidogo. Uhai wa mashine hiyo yote umo kwenye oili yake. Ikichoka, mkanda unaanza kuteleza kwenye puli, na ukishateleza unakwangua chuma.

Nissan Altima ndiyo inayotajwa zaidi. Ilianza kutumia CVT kwenye toleo la 2007, na malalamiko ya matoleo ya 2013 hadi 2016 yalikuwa mengi kiasi kwamba Nissan waliongeza dhamana ya giaboksi hizo Marekani kutoka miezi 60 hadi miezi 84, kikomo chake maili 84,000, yaani kama kilomita 135,000. Gari lenyewe lina siti nzuri sana na injini ya 2.5 isiyo na makuu. Nikiulizwa Altima ya miaka hiyo, nauliza kwanza karatasi za giaboksi.

Niseme lililonifika. Nilikuwa na saluni ya CVT, kampuni siitaji, ambayo aliyeniuzia alinihakikishia oili ya giaboksi "ni ya maisha". Siku moja tunapanda mlima, familia nzima ndani, mshale wa mzunguko ukapanda mpaka elfu nne, gari likabaki linatambaa vile vile. Nyuma watoto wakanyamaza. Tulipoifungua, oili ilitoka nyeusi kama chai iliyochemshwa mara tatu, inanuka kuungua, na sumaku ya kwenye kizibo imevaa ndevu za chuma. Tangu hapo oili ya CVT naibadilisha kila kilomita 50,000, oili ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na wala sibishani na neno "maisha".

Ukilijaribu gari, tafuta mlima. Panda taratibu, kisha kanyaga ghafla. Mzunguko ukipanda na mwendo usifuate, au gari likitetemeka kama linapita kwenye kokoto wakati lami ni laini, rudisha funguo. Kama hutaki mawazo hayo kabisa, Camry na Mazda6 zina otomatiki za kawaida.

Hyundai Sonata na Kia Optima nazikuta rahisi kuliko za Kijapani za umri ule ule. Kwa nini watu wanaziogopa?

Kwa sababu ya injini moja, nayo haimo kwenye kila Sonata. Ni ile ya lita 2.4 inayopuliza mafuta ndani ya silinda, pamoja na ndugu yake ya lita 2.0 ya turbo, zilizotengenezwa Marekani. Kiwandani, mabaki ya chuma yaliyotokana na kuchonga krankishafti, shafti inayozungushwa na pistoni, hayakusafishwa vizuri. Yakaziba njia za oili, bering za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na shafti hiyo, zikakauka, injini ikaanza kunoki, yaani kugonga kwa ndani, na nyingine zikazimika barabarani. Mwaka 2015 Hyundai waliziita Sonata za 2011 na 2012 zirudi kukaguliwa, na 2017 wito ukapanuliwa hadi za 2013 na 2014, na Kia nao wakaziita Optima za 2011 hadi 2014.

Kwa hiyo andika namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya kampuni au mpigie wakala, uulize kama injini ilikaguliwa au kubadilishwa. Iliyobadilishwa ni bahati kwako: umenunua gari la zamani lenye injini changa. Ambayo haikuguswa, isikilize ikiwa ya baridi, mtu mwingine akandamize mafuta kidogo huku wewe umesimama pembeni ya tairi la mbele. Sauti ya kugonga kwa chini chini, kama mtu anabisha mlango wa mbali, inatosha kukuondoa hapo.

Jingine ni wizi. Hyundai na Kia nyingi zilizouzwa Marekani miaka hiyo, zile za kuwashwa kwa ufunguo wa kuzungusha, hazikuwekewa imobilaiza, kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake halisi, na wezi walilijua hilo. Za kuwasha kwa kitufe ziko salama zaidi. Sonata ya 2020 na kuendelea ni gari jipya lenye injini nyingine, na kwa vifaa unavyopata wapinzani wake wanabaki nyuma.

Napenda kuendesha, sitaki gari la usingizi. Mazda6 au Subaru Legacy?

Mazda6, bila kuzunguka. Wajapani waliijua kwa jina la Atenza. Usukani wake unakujibu, otomatiki yake ya gia sita inabadilisha kwa wakati, na ile 2.5 ya petroli haina turbo ya kukuumiza kichwa kwenye matoleo mengi. Nafasi ya nyuma ni ndogo kidogo kuliko Accord, na kwa vipimo vya Marekani inakwenda kama kilomita 12 kwa lita wakati Camry ya 2.5 inafika 13 na nusu.

Legacy ichukue kama unaishi na matope, theluji au mvua za mwaka mzima, kwa kuwa matoleo mengi yanavuta kwa tairi zote nne. Zile za kabla ya 2013 zenye injini ya 2.5 ya zamani kagua gasketi za silinda hedi, na uulize mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali, ulibadilishwa lini. Zilizofuata zina mnyororo.

Je, haibridi iliyotumika, ya petroli na mota ya umeme, ina faida? Betri ikifa si nimekwisha?

Fanya hesabu na bei ya mafuta ya kwako. Camry ya kawaida ya 2018, kilomita 20,000 kwa mwaka, itakunywa karibu lita 1,470. Haibridi ya toleo la LE, inayokwenda kama kilomita 22 kwa lita, itakunywa karibu 910. Lita 560 kila mwaka si za kupuuza. Angalia toleo lakini: zile za juu zenye rimu kubwa zinarudi chini ya kilomita 20 kwa lita.

Hofu ya betri naielewa. Ila watu hawahesabu vilivyotoka: haibridi ya Toyota haina stata ya kawaida, haina oltaneta ya kuchaji betri, na breki pedi zinadumu kwa kuwa mota ya umeme ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi. Mahali pa gia ipo seti ya gia za sayari, imara ajabu. Betri yenyewe inapoozwa kwa hewa ya ndani ya gari, na tundu la kuvuta hewa liko karibu na siti ya nyuma. Nimewahi kuchomoa kichujio chake kikiwa kimejaa nywele za mbwa na makombo ya biskuti, betri inachemka, mwenye gari kaambiwa anunue mpya. Tulikisafisha kwa brashi. Wakague hapo kwanza, na usiache begi la shule likaziba tundu hilo.

Kwa usalama zote ni sawa tu siku hizi, au nimekosea?

Umekosea, kaka, na kosa hili ni la kuumiza. Mwaka 2012 IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, ilianza jaribio jipya: gari linagonga kizuizi kigumu kwa kilomita 64 kwa saa, kwa robo tu ya upana wake upande wa dereva, kama vile linapokwaruza nguzo au mti. Katika saluni za kati Accord na Suzuki Kizashi zilipata daraja la juu kabisa. Camry ya wakati huo, gari lililoaminiwa na kila mtu, ilipata la chini kabisa. Toyota wakalirekebisha, na Camry ya 2015 ikapata daraja la juu. Magari mawili ya jina moja, miaka michache kati yake, na mguu wa dereva una hatima tofauti. Kwa hiyo tazama mwaka kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango. Za 2018 na kuendelea, Camry na Accord za soko la Marekani zote zina breki za kujifunga zenyewe hata kwenye toleo la chini.

Kesho naenda kukagua. Nianzie wapi?

Weka kiganja juu ya boneti kabla hujasalimiana sana. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha, na kelele zote za asubuhi zimeshapita. Muombe kwa upole urudi keshokutwa mapema, na umwambie asiiguse mpaka ufike.