Mishubiri ya Tresco inaishi nje; kwa nini yangu inaoza?

SWALI: Ninaishi Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Nilipozuru bustani ya Tresco Abbey nilikuta mishubiri na protea (vichaka vya maua vya Afrika Kusini) zimestawi nje. Mishubiri yangu huoza kila Februari, ingawa naifunika nailoni. Nakosea wapi?

JIBU: Unaisingizia baridi. Mara nyingi kinachoua ni maji kutuama mizizini, na nailoni inazidisha: hewa haipiti, unyevu unadondokea kwenye moyo wa mmea, uozo unaanzia hapo.

Tresco ni kimoja cha visiwa vya Scilly, karibu kilomita 45 kutoka ncha ya Cornwall, jimbo la kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza. Maji ya bahari hukaa kwenye nyuzi 10 hivi hata kipupwe, kwa hiyo jalidi kali ni nadra. Ni nadra tu: ile ya Januari 1987 iliua mimea mingi sana. Tena joto pekee lisingetosha. Augustus Smith alipoanza bustani mwaka 1834 kisiwa kilikuwa wazi kwa upepo wa chumvi, ndipo zikapandwa kinga za misaiprasi na misonobari ya Monterey.

Ukirudi Tresco, anzia matuta ya juu ya bustani. Huko ni pakavu, panaota jua, na ndiko iliko mimea ya Afrika Kusini na Australia. Inayopenda unyevu, kama ya New Zealand, iko chini.

Nyumbani, inua tuta sentimita 30, karibu na ukuta unaotazama kusini. Changanya udongo na kokoto za milimita 4 hadi 6, nusu kwa nusu. Mchanga laini huziba vinyweleo, usiutumie. Oktoba hadi Machi usimwagilie. Badala ya nailoni weka paa la plastiki ngumu, pande zote wazi. Usiku wa jalidi ongeza kitambaa kinachopitisha hewa, ukiondoe asubuhi. Kwa upepo, wavu unaopitisha nusu yake unafaa kuliko ukuta mzima, ambao upepo huuruka na kuporomokea mimea nyuma yake.

Protea nazo hazitaki samadi wala mbolea yenye fosforasi. Zimezoea udongo fukara wenye tindikali, na fosforasi ikizidi majani hugeuka manjano kisha mmea hufa.

Mshubiri uliolainika katikati hauponi. Kata machipukizi yaliyo mazima, yakaushe kivulini siku 5 hadi 7, uyapande majira ya kuchipua. Ukinunua mpya, tafuta Aloiampelos striatula: inavumilia baridi kuliko mishubiri mingi.