Jibu: Ndugu yangu amegongwa na gari akiendesha pikipiki, tuanzie wapi?

Pole sana. Umesema mna nambari ya OB tu (ile ya kitabu cha matukio cha polisi), na mwenye gari anataka mmalizane nyumbani. Hapa Kenya OB pekee haitoshi. Chukueni abstrakti ya polisi (hati ya muhtasari wa ajali), mhakikishe imeandikwa nambari ya gari na kampuni ya bima, kisha daktari ajaze fomu ya P3 (ya polisi ya kuthibitisha majeraha). Ombeni pia rekodi ya umiliki wa gari NTSA (mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani). Bila hiyo kesi hukwama, kwa kuwa anashtakiwa dereva peke yake na mwenye gari anaachwa. Kampuni ya bima ipewe notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 14 baadaye, la sivyo inaweza kukataa kulipa. Muda wa kushtaki ni miaka 3. Tafadhali, msitie sahihi ya kumalizana kabla daktari hajapima ulemavu utakaobaki.