Oili ya Gari la Dizeli Ikipanda Kwenye Kijiti, Usishangilie

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba oili ya gari lake la dizeli haipungui, tena kila akichomoa kijiti cha kupimia anaikuta imepanda. Fundi wake amemwambia ashukuru Mungu, injini nzima hiyo, haili oili. Niliposoma maneno hayo damu ilinichemka, kwa sababu niliwahi kuambiwa yayo hayo, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto.

Injini haizai oili. Kama hukuizidisha siku ya kubadilisha na bado inapanda, basi kuna kitu kinaingia, na kitu hicho ama ni maji ya rejeta ama ni dizeli yenyewe. Hakuna la tatu. Ukilishika hilo umeshawaacha nyuma mafundi wengi.

Kwangu mimi ilianza hivi. Baada ya sevisi oili ilikaa katikati ya alama mbili, nami nina tabia ya kupima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa palepale penye usawa. Taratibu ikasogea hadi alama ya juu, kisha ikaipita. Fundi akasema nimeongeza mwenyewe nikasahau. Nilimwonyesha daftari langu la vipimo, hakulitazama hata kidogo. Alichofanya ni kulegeza nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, akamwaga iliyozidi, akafunga, akanawa mikono. Hilo bado linaniuma. Kupunguza oili iliyochanganyika na dizeli hakutibu chochote: kijiti kitaonyesha kipimo sahihi, lakini iliyobaki ndani ni ileile nyepesi, na sasa huna hata dalili ya kukushtua.

Haikuchukua muda taa ya presha ya oili ikaanza kupepesa injini ikiwa ya moto na gari limesimama. Ukikanyaga mafuta inazimika, ukiachia inarudi. Hiyo ni dalili nzito. Oili imekuwa nyepesi mno kubeba krenki kwenye beringi zake, na turbo ndiyo hulia mapema zaidi.

Nikaamua kutafuta ushahidi mwenyewe. Rangi niliiacha, maana oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, na weusi huo ni masizi ya kawaida. Harufu inasaidia, ila pua huzoea upesi, hasa ukiwa umeshinda karibu na injini. Kilichonisaidia ni karatasi ya kuchujia. Nilichovya kijiti, nikadondosha tone moja katikati ya karatasi nyeupe, nikailaza juu ya mdomo wa kikombe ili isiguse kitu, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi katikati palikuwa na duara jeusi la masizi, likifuatiwa na duara la kijivu, na nje kabisa kulikuwa na utepe mpana usio na rangi uliofanya karatasi ipenyeze mwanga. Huo utepe wa nje ndio dizeli: ni nyepesi kuliko oili, kwa hiyo hukimbia mbali zaidi. Nikadondosha tone la oili mpya ya aina ileile kwenye karatasi nyingine nizilinganishe. Fanya hivyo na wewe; tone moja peke yake halisemi mengi.

Fundi wa pili aliiona karatasi akasema ni gasketi ya silinda hedi imekufa na maji yanaingia kwenye oili, tufungue injini. Nilikataa. Maji ya rejeta hayakuwa yamepungua, na chini ya kifuniko cha oili hapakuwa na ule urojo wa rangi ya maziwa ambao maji huuacha. Ukikubali kufunguliwa injini kabla ya kuangalia mambo hayo mawili, utalipa gharama ya ugonjwa usiokuwepo. Badala yake nilipeleka oili maabara. Oili ya daraja la 30 inatakiwa kuwa na mnato, yaani uzito wake inapotiririka, wa sentistoki 9.3 hadi chini kidogo ya 12.5 kwenye nyuzi 100 za joto. Yangu ilikuwa chini ya hapo, na kipimo cha dizeli ndani yake kilikuwa juu. Nilijisikia fahari siku hiyo, sifichi. (Ukichukua sampuli, injini iwe na moto, na uchukue oili ya katikati ya mmiminiko. Ya mwanzo ina tope la chini ya sampo.)

Sasa inaingiaje? Fundi wa tatu alikuwa na jibu kabla hata ya kufungua boneti: kichujio cha masizi kwenye ekzosi, tukikate. Hoja yake ilikuwa na ukweli ndani. Kichujio hicho, ambacho Peugeot 607 ilikuja nacho mwaka 2000 na sasa kimeenea kwenye magari ya dizeli, hujisafisha kwa kuchoma masizi. Kwenye magari mengi kompyuta hupuliza dizeli ya ziada ndani ya silinda baada ya mwako, ili ikaungulie kwenye ekzosi na kupandisha joto hadi karibu nyuzi 600. Sehemu ya dizeli hiyo hushika ukuta wa silinda, hupita kwenye ringi, huteremka kwenye sampo. Ukiwa mtu wa safari fupi unazima gari katikati ya kazi, safari inayofuata inaanza upya, na dizeli nyingine inateremka. Nayo haitoki kirahisi kama petroli. Dizeli huchemka kati ya nyuzi 160 hivi na 360, wakati oili kwenye sampo hukaa karibu na 100. Mazda huweka alama ya X juu ya alama ya kawaida kwenye kijiti cha baadhi ya injini zake za dizeli kwa ajili ya jambo hili. Oili ikifika hapo ibadilishwe.

Lakini mimi si mtu wa safari fupi. Nikaomba mashine ya kusoma kompyuta ya gari iunganishwe, na namba zikaonyesha kichujio kinajisafisha na kumaliza vizuri, masizi ni machache. Kichujio kikawa hakina kosa. Ningekubali ushauri ule, ningekata kifaa kizima na oili ingeendelea kupanda vilevile.

Zikabaki nozeli zenyewe zinazopuliza dizeli, sili ya pampu ya presha ambayo kwenye injini nyingine huzungushwa na gia zenye oili, na paipu za kurudisha dizeli ambazo kwenye injini yangu hupita chini ya kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini. Fundi wa mwisho, kijana mtulivu asiye na maneno mengi, aliweka rangi maalumu kwenye tangi, ile inayong'aa chini ya taa ya miale ya urujuanimno. Kabla ya hapo alimwaga oili yote akaweka mpya, maana ya zamani ilikuwa imejaa dizeli na tukichelewa hata mpya nayo ingeanza kung'aa. Injini ikanguruma kidogo, akazima, akafungua kava, akazima taa za gereji. Kwenye kiungo kimoja cha paipu ya kurudisha palikuwa na mstari mwembamba wa kijani unateremka taratibu kuelekea kwenye tapeti. Kijisili cha mpira kilikuwa kimekakamaa na kupasuka. Tangu kibadilishwe, kijiti kimetulia palepale.

Ndugu zangu, acheni kubahatisha. Pimeni oili, andikeni kipimo na kilomita, pimeni tena. Na msidharau oili iliyozidi: inaweza kuvutwa na paipu ya kupumulia ya injini hadi kwenye njia ya hewa, injini ikaanza kuchoma oili yake yenyewe badala ya dizeli, ikapiga resi isiyokamatika hata ukitoa ufunguo. Likitokea, kwenye gari la gia za mkono weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi ili injini ife. Usipeleke mkono kwenye mdomo wa hewa.

Dada uliyeniandikia, gari lisiwashwe kwa leo. Dondosha matone mawili kwenye karatasi, la oili iliyomo na la oili mpya, na uangalie maji ya rejeta. Kama maji hayajapungua na utepe wa nje umetokea, badilisha oili pamoja na filta yake, kisha mwambie fundi asome kwenye mashine ni lini kichujio cha masizi kilijisafisha mara ya mwisho na kama kilimaliza. Akikujibu kwamba haina haja, tafuta fundi mwingine. Kama kinakatishwa katikati, lipe gari mwendo wa barabara ndefu hadi kimalize. Kama kinamaliza vizuri na oili inaendelea kupanda, ifunguliwe kava ya tapeti kwanza, kabla mtu hajagusa silinda hedi.