Jibu: Mahindi yaliyohifadhiwa yanatobolewa na fukusi

Ndugu, umesema mahindi yako yaliwekwa kwenye mifuko ya kuzuia hewa, lakini baada ya miezi mitatu umekuta unga na matundu, na mengine yana ukungu. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Ukungu maana yake uliyafunga kabla hayajakauka. Kabla ya kufunga, pima hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa vizuri kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha juani, juu ya turubai, si ardhini. Isipoganda, bado anika siku moja zaidi, kwani unatakiwa ufike asilimia 13 hivi. Yale yenye ukungu usiyale wala usiwape kuku: sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupikwa.

Fukusi nao wanaonyesha hewa iliingia. Mfuko huua wadudu kwa sababu wanamaliza oksijeni iliyomo, basi tundu dogo tu linaharibu kazi yote. Jaza hewa kila mfuko wa ndani wa nailoni, ubane, usikilize kama unavuja. Pepeta mahindi uondoe vipande vya magunzi, hutoboa nailoni. Ukishajaza mahindi, kamua hewa, sokota mdomo, ukunje, funga kila tabaka peke yake. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, na usifungue kila wiki. Ya kula karibuni weka kwenye mfuko wake.