Mpwa wako na kiti cha mwendesha mashtaka wa kaunti Ohio: niliyoyaona mimi

Mleta mada, umeuliza mambo mawili. Cheo cha mwendesha mashtaka kinagombewaje kwa kura kama udiwani, na mpwa wako aliyemaliza sheria Ohio, Marekani, aanzie wapi ili siku moja akipate. Nimeishi jimbo hilo miaka 14 nikifanya ukalimani wa Kiswahili mahakamani, wengi ninaowatafsiria wakiwa Wakongo. Mwanasheria si mimi. Ila mkalimani hukaa katikati akiwasikia mawakili wa pande zote, na mwaka mmoja niliingia kwenye kampeni ya mmoja wao mpaka shingoni.

La kwanza nilipitie haraka. Sisi Watanzania tumezoea DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, mmoja wa nchi nzima anayeteuliwa na rais. Wakenya nao wakisikia "kaunti" wanamfikiria yule wakili wa kaunti anayeteuliwa na gavana, ambaye kushtaki wahalifu si kazi yake. Marekani majimbo karibu yote humchagua kwa kura, na Mississippi ilishaanza tangu 1832. Ohio ina kaunti 88, kila moja na mwendesha mashtaka wake, miaka 4, kwa tiketi ya chama. Sheria haidai makubwa: uwe wakili mwenye leseni ya jimbo. Kwa hiyo mpwa wako akishafaulu mtihani wa uwakili, kwenye karatasi anatosha. Kwenye karatasi.

Wakili ninayemsema (jina na kaunti naviacha) aliajiriwa kama mwendesha mashtaka msaidizi mara tu alipopata leseni. Wakampa mahakama ya watoto, baadaye makosa makubwa. Mahakamani alikuwa moto. Halafu bosi akamhamishia upande wa madai, akanuna wiki nzima kama mtu aliyepelekwa jela. Wengi hawajui kwamba mwendesha mashtaka wa kaunti Ohio ndiye pia mshauri wa kisheria wa ofisi za kaunti na wa tarafa zake. Tarafa hizo huongozwa na wajumbe watatu wa kuchaguliwa, wakulima na wastaafu, wanaokutana usiku kujadili barabara, makaburi na jirani aliyejenga banda mahali pasiporuhusiwa. Jamaa yangu akawa anakesha nao miaka mitatu.

Bosi alikuwa ametangaza kustaafu. Akabadili mawazo. Sasa elewa: wasaidizi wote wako pale kwa ridhaa ya bosi, hakuna wa kukulinda ukimgombea. Jamaa akaacha kazi, akafungua ofisi ya chumba kimoja, akawa anapewa na mahakama kesi za utetezi za watu wasio na uwezo. Huko ndiko tulikojuana, mimi nikiwatafsiria wateja wake. Alibadilika pale. Kesi nyingi mno huishia kwa mtuhumiwa kukiri kosa kwa makubaliano, na yeye aliyekuwa akiandika masharti sasa akawa anayasoma kwa mama anayelia.

Alipochukua fomu nikaamua kumsaidia. Mkalimani wa mahakama haruhusiwi kuegemea upande, kwa hiyo miezi ile nilikataa kesi zote za kaunti ile, nikaishi kwa kutafsiri hospitalini. Tulihitaji wadhamini 50 tu, wapiga kura wa kaunti hiyo na wa chama hicho. Nikajitia ujuaji, nikampeleka kanisani kwa Wakongo baada ya ibada. Foleni ikawa kama ya pilau. Mama mmoja ameshashika kalamu, moyo ukanidunda, nikamuuliza: "Mama, umeshaapa uraia?" Akacheka: "Bado mwanangu, niko tu na grinkadi." Nikamtoa karatasi mkononi. Asiye raia akijiandika kuwa mpiga kura anaweza kuyaharibu maombi yake ya uraia, na mwenye fomu anatoka na sahihi batili. Watu zaidi ya 30, tukabaki na sahihi 6. Aibu ile sijaisahau. Zilizobaki alizipata kwa simu chache, kwa wale wazee wa makaburi na mabanda.

Na bado alishindwa kura za maoni. Kumng'oa aliyekalia kiti ni kazi. Hutokea, lakini mara nyingi ni kesi iliyowatikisa watu wote. Kule Cleveland, mwendesha mashtaka Timothy McGinty alianguka ndani ya chama chake Machi 2016, miezi michache baada ya polisi waliohusika na kifo cha mtoto Tamir Rice, aliyepigwa risasi, kutoshtakiwa. Aliyemshinda, Michael O'Malley, naye aliwahi kuwa msaidizi kwenye ofisi hiyohiyo. Kwetu hapakuwa na kesi kama hiyo. Palikuwa na bosi anayejulikana na mabango mengi uani kwa watu.

Miaka miwili baadaye bosi akaondoka katikati ya muhula. Hapa ndipo mpwa wako asikilize. Kiti hicho kikiwa wazi hakijazwi na gavana wala jaji. Hujazwa na kamati kuu ya kaunti ya chama cha aliyeondoka. Wajumbe wake ni watu wa kawaida waliochaguliwa mtaa kwa mtaa, na nafasi nyingine hukosa hata mgombea. Walikutana jioni ukumbini, viti vya kukunja, kahawa mbaya. Nikatazama wanaopiga kura: nusu yao walikuwa walewale aliowapigia simu za sahihi. Akapita. Uchaguzi uliofuata ikambidi aombe kura za wananchi kama kawaida, safari hii mabango ya uani yakiwa yake.

Kwa hiyo mpwa wako, kama yuko kaunti ndogo, asikimbilie kesi za mauaji tu. Aombe kazi za tarafa, agombee ujumbe wa kamati ya chama mtaani kwake. Na aulize mapema suala la mshahara: kwenye kaunti ndogo mwendesha mashtaka anaweza kubaki na ofisi yake binafsi, ila analipwa pungufu. Kiti kinagombewa tena 2028, kura za maoni ni Machi, na fomu hurudishwa siku 90 kabla, yaani Desemba 2027. Akianza kutafuta wadhamini, akianzia kanisani kwa Wakongo, aniite kwanza.